Adobe, Corel au programu za bure: uanzie wapi kujifunza kuchora kwenye kompyuta

"Dada nianze na Illustrator, Corel, au hii Inkscape ya bure?" Hili swali wadogo zangu wananiuliza sana, na mara nyingi anayeuliza keshakaa miezi miwili anaangalia video tu hajachora hata jani moja, manake video hii inamwambia hivi na ile inamwambia vile. Kwaiyo nimeamua kuyaandika yote hapa, ni marefu kidogo lakini ukimaliza kusoma naomba uchague moja uanze leo leo.

Ili nisiongelee hewani nimechukua kazi moja nikaifanya kwa njia zote tatu. Kazi yenyewe ni khanga. Nimechagua khanga kwa sababu ina kila kitu anachotakiwa kukijua mtu wa kuchora: ina pindo linalozunguka pande nne, ina mji pale katikati, ina jina, yaani yale maneno, na hakuna sehemu ya kujificha, ukichora kona mbaya inajirudia mara mia nguo nzima na kila mtu anaiona. Mchoro wangu ni korosho, ile ya siku zote, nyeusi na nyekundu kwenye nyeupe, jina HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Halafu nikachukua picha ya shangazi yangu kajifunga khanga nyeupe kibarazani, nikaupandisha mchoro juu ya ile khanga kama tangazo la kurusha WhatsApp. Hapo nimegusa kuchora na nimegusa kuhariri picha pia.

Vekta na pikseli, kwanza tuelewane hapa

Wengi wanaruka hapa halafu wanakuja kulia baadae. Programu za kuchora vekta zinakumbuka mstari umeanzia wapi, umepinda vipi, umeishia wapi, ndo mana ukikuza mchoro uwe mkubwa kama ukuta unabaki msafi. Programu za picha zinakumbuka vinukta, pikseli, kila kimoja na rangi yake, ukivuta sana unaona vigae.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ukitaka kuichora kwa pikseli kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi unahitaji pikseli karibu 17,700 kwa 13,000, yaani milioni 230, na kila pikseli inabeba rangi tatu, kwaiyo leya moja tu, yaani tabaka moja la picha, inakula karibu MB 700 za kumbukumbu. Ukiwa na leya kumi laptopu ya kawaida inapiga magoti. Mchoro uleule kwa vekta faili langu halikufika hata MB 2. Ila uso wa shangazi, mikunjo ya nguo, kivuli cha baraza, hivyo huwezi kuvifanya vizuri kwa vekta, hapo unahitaji programu ya picha. Kwaiyo kila njia ninayoilinganisha ina programu mbili ndani yake.

Adobe ni Illustrator kwa vekta na Photoshop kwa picha. Corel ni CorelDRAW pamoja na Photo-Paint, zinakuja kwenye kifurushi kimoja. Njia ya bure ni Inkscape kwa vekta, GIMP kwa kuhariri picha, na Krita kwa wanaopenda kupaka kwa brashi.

Nimeziangalia kwa mambo haya: kalamu ya kuchorea inakaaje mkononi, kurudia mchoro na kubadili rangi, kuhariri picha, kupeleka kazi kwa fundi wa kuprinti, kompyuta na hela, mwisho urahisi wa kujifunza. Kasi ya kufungua, uzuri wa vitufe na vitu kama hivyo nimeviacha, utavizoea.

Kalamu

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo wengi wanakata tamaa wiki ya kwanza. Kalamu ya vekta haichori kama penseli. Unaweka nodi, yaani kinukta kinachoshika mstari, unavuta, inatoka mikono miwili kama vijiti, na ile mikono ndo inaamua mstari upinde kiasi gani. Mipindo hii inaitwa Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, injinia wa Ufaransa aliyekuwa kampuni ya Renault akiitumia kuchorea bodi za magari. Hesabu yake ni ileile Illustrator, Corel na Inkscape, na hili nawaomba mlishike: mkono ukishajua kuweka nodi mahali sahihi umejua kwa programu zote, kinachobaki ni kutafuta kitufe kiko wapi.

Korosho yangu ya kwanza kabisa miaka ile ilikuwa na nodi 19, imejaa vinundu kama viazi. Leo naichora kwa nodi 4, moja kali pale kwenye ncha, tatu laini pale mwili unapofika mwisho wake kulia, chini na kushoto. Siri ni hiyo tu, nodi zikae pale umbo linapogeuka, na ziwe chache.

Illustrator kalamu ni P na kurekebisha nodi ni A, na inakaa vizuri sana mkononi, ukishikilia Alt unavunja mkono mmoja bila kugusa mwingine, kuna na ile ya kuzungusha kona kwa kuvuta kinukta kidogo tu. CorelDRAW mimi naona ndo nyepesi zaidi kwa mtu anayeanza, unachora umbo la hovyo, unabonyeza F10, unaanza kuvuta mstari wenyewe popote pale unapinda, kwaiyo hata kama hujaelewa mikono bado kazi inaenda. Inkscape kalamu ni B na nodi ni N, inafanya yote hayo, na kwenye Inkscape pia unaweza kushika mstari ukauvuta. Ina kitu kimoja nakipenda sana kinaitwa Spiro, unaweka nukta tu yenyewe inatafuta mpindo laini, kwa maua na majani ya kujizungusha inatoka safi mno. Ila ikikataa inakataa vibaya, inajizungusha kama konokono, unafuta unaanza upya.

Kwa kalamu peke yake hakuna inayokuzuia kufika mbali.

Kurudia mchoro na kubadili rangi

Mji wa khanga ni kitu kimoja kinachorudiwa, na duka likikubali mchoro linautaka kwa rangi tatu nne, manake yule mama atachukua ya kijani na mwenzake ya zambarau.

Kwenye hili Illustrator iko mbele na sitaki kuwaficha. Unachagua korosho, unaiambia ifanye patani, yaani mchoro wa kujirudia, unaona papo hapo inavyojaza, unasogeza mpaka nafasi zikae sawa. Kwa pindo kuna brashi ya patani ambayo unaipa kipande cha pembeni na kipande cha kona, inazunguka nguo yenyewe na kona zinakaa. Kubadili rangi ndo usiseme, unachagua mchoro wote unafungua sehemu ya kubadili rangi, nyekundu zote zinakuwa kijani kwa mpigo mmoja. Doti moja nimeitoa kwa rangi tano kwenye muda wa kunywa chai.

CorelDRAW niliitumia kurudia kwa hatua, Ctrl+Shift+D, unaiambia rudia mara 12 kwa umbali huu, inarudia kwa kipimo sahihi kabisa. Siyo ya kuona papo hapo kama Illustrator lakini kwa mtu anayepima kwa milimita ni raha. Rangi unatafuta na kubadilisha kama vile unavyotafuta neno kwenye barua. Kona za pindo nilichora mwenyewe.

Inkscape ina nakala za vigae, na hizi zinabaki watoto wa mchoro mama, ukirekebisha korosho ya kwanza zote 200 zinabadilika zenyewe. Dirisha lake lina namba nyingi zinatisha mwanzoni, kaa nalo jioni moja utalielewa. Pindo la pembeni unaweza kulipitisha juu ya mstari lakini kwenye kona linajikunja vibaya, kwaiyo fanya pande nne mbalimbali. Rangi unachagua vitu vyote vyenye rangi inayofanana kisha unabadili, inachukua muda zaidi ila inafika.

Na Krita nayo msiisahau hapa. Ukibonyeza W karatasi inajirudia pande zote, unachora ua likitokea kulia linaingia kushoto, kwa mtu anayechora kwa mkono wake hiyo ni zawadi kabisa.

Picha

Photoshop kwenye picha imezidi, nasema hivo kwa moyo mweupe, siyo kwa sababu wenzake hawawezi ila kwa sababu kazi ya dakika 5 kule inakuwa ya dakika 25 huku. Kumkata shangazi kutoka kwenye baraza, programu ilimtambua yenyewe mpaka nywele. Mchoro wa Illustrator nikaupesti kama kitu hai, nikikibonyeza mara mbili kinafunguka Illustrator, nikibadili rangi kule na kusevu, na huku inabadilika. Halafu leya ya mchoro nikaiweka kwenye hali ya kuzidisha, Multiply, ili mikunjo ya nguo ionekane chini ya korosho, ikakaa kama imechapwa kweli.

Kwenye GIMP nilimkata shangazi kwa njia ya mistari, yaani kalamu ileile ya Bézier, nusu saa hivi. Multiply ipo, maski za kuficha sehemu ya picha zipo, brashi ya kuponya ngozi ipo. Tena toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeondoa kero kubwa ya miaka yote, sasa ukiweka ukungu au kurekebisha mwanga unaweza kurudi ukabadili, zamani ukishaweka imeshaganda. Mchoro wa Inkscape ukiuleta GIMP chagua ukubwa wa kutosha tangu unaufungua, manake unageuka pikseli hapohapo.

Photo-Paint inafanya kazi, maski ziko vizuri na inaongea na CorelDRAW bila shida, ila walimu wake ni wachache. Ukikwama saa nne usiku utazunguka sana YouTube kabla hujapata wa kukuonyesha, na kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa fundi wa kuprinti

Kioo kinachanganya rangi za mwanga, nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya karatasi inachanganya wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi. Ndo mana ile bluu kali ya kwenye skrini ikifika kwenye karatasi inakuwa imechoka. Illustrator na CorelDRAW zinakuruhusu uanze kazi ukiwa tayari kwenye wino nne, unajua mapema unapoteza nini. Inkscape kazi yake ni rangi za mwanga, kwa wino nne unapitia programu nyingine kama Scribus, ya bure nayo. Krita yenyewe ina hali ya wino nne.

Ila sasa msitishike. Kama kazi yako ni fulana za kuprinti kwa fremu, kila rangi ina fremu yake, fundi anachohitaji ni kila rangi peke yake ikiwa nyeusi tii kwenye filamu, na hapo Inkscape haina upungufu wowote. Mimi fulana za vikundi nimezifanya kwa Inkscape miaka na hakuna aliyeniuliza nimechorea wapi.

CorelDRAW nguvu yake iko mtaani. Ukiingia kwenye maduka mengi ya mabango na stika unakuta Corel imefunguliwa, mashine za kukata stika zinaongea nayo vizuri, ukimletea fundi faili la CDR, lile la Corel lenyewe, mnarekebisha pamoja hapohapo mezani. Angalia tu toleo, faili la toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, kwaiyo unaposevu chagua toleo la nyuma. Anayetumia Illustrator au Inkscape apeleke PDF, inapokelewa karibu kila mahali.

Na jamani, jamani, geuzeni maandishi yawe mistari kabla ya kupeleka. Mimi nilishapeleka kazi ya fulana 30 za kikundi cha kina mama bila kugeuza, kompyuta ya pale haikuwa na fonti yangu, ikaweka ya kwake, jina likatoka limebanana na herufi mbili zimepanda juu ya mchoro, na hela ilikuwa ya watu. Illustrator ni Ctrl+Shift+O, CorelDRAW Ctrl+Q, Inkscape Shift+Ctrl+C. Bakisha nakala moja yenye maandishi ya kawaida, siku wakitaka kubadili jina utanishukuru.

Kompyuta na hela

Adobe tangu 2013 inauza matoleo mapya kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka, hakuna kununua ukamaliza. Bei iko kwa dola, kwaiyo shilingi ikishuka wewe unaongeza, na unahitaji kadi, ingawa siku hizi ile kadi ya Visa ya kwenye M-Pesa imesaidia wengi. Wanafunzi wana punguzo. Soma mkataba kabla hujabonyeza, ule mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi ukikatisha katikati kuna makato. Kwa kompyuta wenyewe wanataja RAM ya GB 8 kuwa ndo kiwango cha chini, na kwa Photoshop mimi nasema GB 16 ndo utapumua.

CorelDRAW ina kulipia kwa mwaka na ina kununua mara moja, bei ya kununua ni nzito ila inakuwa yako. Matoleo mapya nayo yanataka mashine yenye nguvu. Ipo ya Windows na ya Mac.

Inkscape, GIMP na Krita hazina malipo kabisa, siyo majaribio ya siku 7, ni bure siku zote, na zinakubali Windows, Mac na Linux. Laptopu yangu ya zamani ya GB 4 inaendesha Inkscape vizuri mradi nisiweke ukungu mwingi kwenye mchoro.

Programu za krak, zile za wizi zilizovunjwa leseni, siwezi kuzinyamazia kwa sababu najua wengi ndo mnazoanzia. Mimi nilishawekewa na kijana mmoja wa dukani, wiki ya pili kompyuta ikawa nzito, flashi zote zinageuka shotikati, nikapoteza michoro ya miezi mitatu. Na mteja mkubwa akitaka risiti na leseni unabaki kimya. Kama huna hela ya Adobe ni afadhali Inkscape halali kuliko Illustrator ya wizi, na hii nasema kama mtu aliyepitia.

Kujifunza

Kwa Adobe masomo ni mengi mpaka yanachanganya, kuna watu wanafundisha kwa Kiswahili pia, na ofisi nyingi zikitangaza kazi ya ubunifu zinaandika Illustrator na Photoshop kwa jina. Kwa Corel mwalimu bora ni fundi, omba ukae dukani kwake mwezi mmoja, utaondoka unajua vitu visivyopatikana kwenye video yoyote. Kwa Inkscape na Krita maelezo rasmi yako wazi kwenye intaneti bila malipo, mengi kwa Kiingereza, Inkscape ina masomo ndani yake kwenye menyu ya Help ambayo ni michoro yenyewe, unajifunza kwa kuigusa na haili bando.

Njia yoyote utakayochukua anza na penseli. Chora karatasini, piga picha kwa simu, ingiza kwenye programu, ififishe, ifunge isitembee, pitisha kalamu juu yake. Vile vitufe vya kugeuza picha kuwa vekta vyenyewe vipo kote kutatu lakini vinamwaga nodi mamia, mwanafunzi akivizoea mkono haukui.

Sasa wewe uko wapi?

Kama upo chuo au unatafuta ajira kwenye ofisi ya matangazo, gazeti, benki, na unaweza kulipa hata kwa punguzo la mwanafunzi, nenda Adobe. Anza na Illustrator miezi mitatu, Photoshop ifuate.

Kama unataka kufungua duka lako la stika, mabango, vikombe, au tayari una ndugu mwenye duka kama hilo, Corel itakuingiza kazini haraka, tena jifunze ukiwa palepale dukani ukisikia wateja wanachotaka.

Kama huna hela, au hujui bado kama moyo wako uko huku, au laptopu ni ya zamani, chukua Inkscape na GIMP. Chora korosho moja kila siku kwa mwezi. Ukija kuhamia Illustrator baadae utatumia wiki chache tu kuzoea vitufe.

Kama wewe ni mtu wa kuchora sura, hadithi za picha, wanyama kwa mtindo wa Tingatinga, na unajisikia kubanwa na nodi, Krita ndo kwako hata kama una hela ya vingine, na ukiweza pata tableti ndogo ya kuchorea yenye kalamu, hata iliyotumika, maana kuchora brashi kwa kipanya kunachosha mkono.

Na kama kazi unayo tayari mezani, mteja anasubiri, muulize kwanza fundi atakayeprinti anapokea faili gani. Hilo jibu lake linaweza kukuchagulia kabla hata hujafungua kompyuta.